Wazi kwa Nani? Maneno Yetu na Mahali pa Kijani Busia na Tororo

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa tatu zoezi la tafsiri. Matini ilikuwa kurasa mbili za mpango wa mji, za aina ile inayobandikwa kwenye ubao wa matangazo nje ya ofisi za kaunti na isisomwe na mtu ila yule aliyetumwa kuibandika. Kila mahali ambapo mpango ulitenga kipande cha ardhi kiwe na nyasi na miti, wanafunzi karibu wote waliandika "nafasi wazi" au "eneo wazi". Mmoja tu, mzaliwa wa Busia upande wa Kenya, aliacha pengo. Pembeni, kwa penseli, alieleza kwamba mama yake huuza mboga kando ya barabara, na kwamba akisomewa "eneo wazi" ataelewa kuwa ploti hiyo haina mwenyewe. Nilimkata alama kwa kuacha pengo. Sasa naona kwamba pengo lile lilikuwa tafsiri bora kuliko zote darasani, na katika makala haya nakusudia kueleza kwa nini.

Huenda msomaji akauliza: Idara ya Kiswahili na nyasi za mjini wapi na wapi? Jibu ni kwamba tangu Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kuwashirikisha wananchi ni sharti la kisheria, na mikutano ya namna hiyo katika mji kama Busia haiwezi kufanyika bila Kiswahili. Upande wa Uganda, katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapitisha uamuzi wa kulitekeleza jambo hilo. Wahitimu wetu ndio watakaokuwa wakalimani, makarani na watangazaji wa redio katika shughuli hizo. Neno watakalochagua ndilo litakaloamua kama mwenye kibanda ameelewa anachoulizwa au ameitikia tu kwa adabu.

Tuanze na hilo "wazi". Mlango ukiwa wazi, mgeni anakaribishwa. Jambo likiwa wazi, limeeleweka. Lakini ikitangazwa kwamba nafasi ya kazi iko wazi, maana yake haina mtu, na atakayewahi ndiye atakayeichukua. Kamusi zinaziweka maana hizi pamoja bila kugombana. Kwenye ardhi zinagombana. Mtaalamu wa mipango akisema eneo la wazi anakusudia maana ya kwanza, yaani mahali ambapo kila mtu anaweza kuingia. Msikilizaji wa mpakani, ambaye ameona viwanja vikienda usiku na mabati yakisimama asubuhi, husikia ile ya tatu. Naye ana sababu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma nchini Kenya, zikiwemo bustani, viwanja vya michezo na masoko, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria. Sisemi neno la Kiswahili ndilo lililonyakua; barua za ugawaji ziliandikwa kwa Kiingereza safi kabisa. Nasema neno letu halikuwa na kinga yoyote ndani yake.

Sasa twende Busia, tuone wenyeji wanatumia maneno gani. Busia ni miji miwili yenye jina moja, mmoja Kenya na mwingine Uganda, na kati yake ni mpaka ambao tangu Februari 2018 una kituo rasmi cha pamoja ambapo maofisa wa nchi mbili hufanya kazi chini ya paa moja. Kabla ya hapo msafiri alisimama mara mbili, na kati ya ofisi moja na nyingine palikuwa na mwendo. Mwendo huo ndio uliotupa neno "bodaboda". Vijana wa baiskeli walivusha watu na mizigo kutoka boda hadi boda tangu miaka ya 1960, na neno lao sasa linasikika Afrika Mashariki nzima. Wanaisimu hupenda sana kulitaja neno hili kama mfano wa utohozi na uradidi. Nami nimelifundisha hivyo mara nyingi, bila kutaja kwamba mwendesha bodaboda hutumia muda mwingi akingoja kuliko akiendesha, na kwamba pa kungojea panahitaji kivuli. Mti wa steji ni ofisi. Chini ya mti huohuo utamkuta mbadilishaji pesa, fundi wa viatu, mama wa chapati na mzee ambaye hana kazi yoyote pale ila kutoa maoni. Hakuna hata mmoja wao atakayekuambia yuko kwenye "eneo la kijani". Yuko "pale kwa mwembe". Watoto upande wa Uganda wakienda kucheza mpira wanakwenda "kisaawe", neno la Kiganda, na wote wanajua ni wapi.

Angalia, msomaji, kwamba majina haya yote yanataja matumizi au alama, wala hayataji rangi. Kijani ni rangi ya jani, nayo Busia si adimu. Mvua za huko ni nyingi, na kitu chochote kikiachwa miezi miwili huota. Kinachotafutwa ni kivuli chenye watu, na ruhusa ya kukaa.

Hapo ndipo neno la pili, "bustani", linapoleta shida yake. Ni neno zuri, lenye asili ya Kiajemi lililotufikia kupitia Kiarabu, na asili yake inataja mahali pa harufu nzuri. Katika masikio yetu bustani ina mpaka, ina mtu wa kumwagilia, na mtu huingia humo kupumzika akiwa ametoka kazini. Lakini yule mama wa chapati hajatoka kazini. Ofisa wa mji akitangaza kwamba penye mwembe patatengenezwa bustani, tangazo lenyewe tayari limemwondoa, hata kama hakuna aliyesema ataondolewa. Niliyoyasikia Busia kwa miaka kadhaa ya kupita pale yanarudi kwenye jambo hilohilo. Watu hawapingi maua. Wanauliza maua yakija nani ataambiwa aondoke, na je, askari wa mji, hao tunaowaita kanjo, watakuja kabla au baada ya miche?

Si lazima iwe hivyo. Bustani ya Forodhani mjini Unguja, ambayo ilikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2009, ina nyasi, ina miti, na jioni ina wauza mishikaki na juisi ya miwa. Pale, neno bustani halimaanishi kutokuwepo kwa mchuuzi. Lakini Forodhani ina watalii, na mchuuzi ni sehemu ya wanachokuja kukiona. Sidhani kama mtalii amewahi kupangiwa safari ya kuona steji ya Busia.

Tororo ni habari nyingine, na hapa lazima nikiri kwamba neno "mji unaofifia" linaifaa Tororo kuliko Busia. Busia inavimba, inapoteza miti kwa sababu kila mtu anajenga. Tororo ilipata mapema na kupoteza mapema. Reli iliufikia mji huu katika miaka ya 1920, nao ukawa njiapanda: njia moja ikaelekea Kampala, nyingine Mbale na Soroti hadi kaskazini. Katika miaka ya 1950 kikaja kiwanda cha saruji. Kisha likaanza kupungua moja baada ya jingine. Mwaka 1972 Waasia walifukuzwa na maduka yao yakabaki na majina ya watu wasiokuwepo. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivunjika, pamoja na shirika lake la reli. Treni za abiria zikakoma katika miaka ya 1990. Mwaka 1997 Busia ilikatwa kutoka wilaya ya Tororo ikawa wilaya yake yenyewe. Na Mbale na Jinja zilipofanywa majiji mwaka 2020, Tororo ilibaki manispaa. Mji haukufa. Saruji bado inatengenezwa, malori bado yanapita kuelekea Malaba. Lakini mzee wa Tororo anayekumbuka filimbi ya treni akikuonyesha mji wake, anakuonyesha kwa kidole cha zamani.

Katika mji wa namna hiyo kijani kiko cha aina mbili, na Kiswahili chetu cha mipango hakizitofautishi. Ipo miti iliyopandwa kwa kusudi, na yapo majani yaliyoota kwa sababu fedha zimeondoka. Nyasi kati ya mataruma ya reli ni za aina ya pili. Mgeni akizipiga picha huona asili ikirudi. Mwenyeji ambaye baba yake alilipwa mshahara na reli huona pori, na "pori" si neno la sifa. Vivyo hivyo "msitu". Karibu na barabara kuu ya Jinja hadi Tororo upo msitu wa hifadhi wa Busitema, na wasafiri wa miaka ya nyuma hawakuutaja kwa ndege wake bali kwa majambazi waliosimamisha magari. Anayekwenda kwa watu hao na kuwauliza kama wanapenda kijani zaidi mjini, akapata jibu la wasiwasi, asikimbilie kuandika kwamba hawajaelimika kuhusu mazingira.

Kosa hilo la haraka halikufanyika kwetu peke yetu. Mji wa Detroit, Marekani, ulikuwa na watu wapatao 1,850,000 mwaka 1950. Mwaka 2020 walihesabiwa chini ya 640,000. Katika miaka ya 2011 hadi 2014 wakazi wapatao 7,400 walipewa nafasi ya kupandiwa mti wa bure mbele ya nyumba. Zaidi ya 1,800 walikataa. Watafiti walipokwenda kuwasikiliza waliokataa, hawakukuta watu wanaochukia miti. Walikuta watu wanaokumbuka miti ya mtaani mwao ikikatwa miaka ya nyuma bila wao kuulizwa, na wanaojua kwamba majani ya kufagia na matawi ya kukata yatakuwa mzigo wao, si wa mji. Kilichowaudhi ni kwamba uamuzi ulifika mlangoni ukiwa umekwisha kufanywa. Tororo si Detroit, na sitaki kulazimisha ulinganisho. Ila yule mwanafunzi wangu na penseli yake angeelewana nao bila mkalimani.

Turudi Tororo, chini ya Mwamba. Mwamba wa Tororo, wenye kilele cha mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, huonekana kutoka karibu kila uchochoro wa mji. Una minara ya mawasiliano juu, majani ubavuni, na chini yake uko uwanja wa gofu uliorithiwa kutoka enzi ya ukoloni. Hivi viwili vinafundisha zaidi kuliko sura nzima ya kitabu cha mipango. Mwamba ni wa macho ya wote. Hata asiyewahi kuupanda anauita wetu. Uwanja wa gofu nao macho yanaufikia, nyasi zake ni nzuri kuliko za uwanja wowote wa shule, lakini ni wa klabu. Kwa istilahi yetu ya sasa, vyote viwili ni "maeneo ya wazi". Istilahi inayoshindwa kutenganisha Mwamba na gofu inatufaa nini?

Na hapa nigusie "haki" na "usawa", kwa maana nimeona katika insha za wanafunzi maneno haya yakitumiwa kama pacha. Mji ukipanda miti 10 katika kila mtaa, huo ni usawa. Lakini mwenye nyumba yenye ua na miparachichi hauhitaji mti wa barabarani kama anavyouhitaji mpangaji wa chumba kimoja cha mabati, ambaye mchana kutwa sebule yake ni barabara. Haki ingemtazama huyu wa pili kwanza. Tena haki ina upande mwingine ambao usawa hauna kabisa: ni nani aliyeulizwa. Watu wa mpakani wana msemo mmoja mfupi, "haiko sawa", ambao kwa sarufi unataja usawa lakini kwa maana mara nyingi unalalamikia haki. Mkalimani asiyejua hilo atamwambia ofisa kwamba wananchi wanataka idadi iwe sawa, ofisa ataongeza miti miwili upande wa pili wa barabara, na kila mtu atarudi nyumbani akishangaa mwenzake.

Fasihi yetu ingeweza kutusaidia hapa, nayo imejaribu. Wasomaji wengi wa jarida hili wamefundisha au wamesoma tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea (2016). Humo Soko la Chapakazi linafungwa kwa kisingizio cha uchafu, kumbe Majoka anakusudia kujenga hoteli ya kifahari mahali hapo. Miongozo niliyowahi kuiona huorodhesha maudhui: uongozi mbaya, ufisadi, unyakuzi wa ardhi, kisha, mahali pake peke yake kama mgonjwa aliyetengwa, uharibifu wa mazingira. Chini ya kichwa hicho mwanafunzi hupewa takataka na miti iliyokatwa. Nadhani tumeisoma tamthilia vibaya. Katika Sagamoyo mazingira na ardhi ni kesi moja. "Usafi" ndio neno linalofunga soko. Lugha ya mazingira mazuri ndiyo inayomwondoa mchuuzi, na mwandishi ameliona jambo hilo mapema kuliko sisi wahakiki. Mwanafunzi wa Busia akiulizwa swali la mazingira katika Kigogo na akajibu kwa kuandika juu ya soko, mtahini atamkata alama, kama nilivyofanya mimi.

Kuna jambo dogo ambalo limenisumbua zaidi ya yote, na wala halimo vitabuni. Tembea Busia au mji wowote wa Kenya ukisoma Kiswahili kilichoandikwa ukutani. "Usikojoe hapa." "Hakuna njia." "Ploti hii haiuzwi." Karibu kila sentensi ambayo lugha yetu huandika juu ya mahali mjini ni katazo. Upande wa Uganda hali ni nzito zaidi, kwa sababu kwa miaka mingi Kiswahili kilinasibishwa huko na askari, na askari hasemi "karibu ukae". Tukimpelekea mkazi wa Tororo karatasi ya Kiswahili inayohusu kiwanja, tukubali kwamba atakuwa amesikia sauti fulani kabla hajasoma neno la kwanza.

Basi tuandike nini? Nilimrudishia mwanafunzi yule swali hilo. Nilimpendekezea "uga", neno la Kiswahili hasa, lenye picha ya uwanja mbele ya nyumba ambamo watu hukaa na watoto hucheza. Alinisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Mwalimu, Busia hakuna mtu anasema uga." Ni kweli, na sipendi istilahi inayozaliwa ofisini ikafia hukohuko. "Uwanja wa umma" nilikuwa nao pia, lakini "umma" katika ardhi kumekuwa jina jingine la serikali, na wengi huamini kwamba cha serikali kinasubiri tu mwenye mkono mrefu. Yeye alileta "kivuli cha wote". Nina shaka nalo: kivuli huhama na jua, na mwanasheria atauliza mipaka yake iko wapi saa kumi jioni. Lakini lina "wote" ndani yake, na nilipomwuliza mama yake ataelewa nini akisomewa hivyo, alijibu kwamba ataelewa anaruhusiwa kukaa.

Mjadala huu utaendelea katika semina ya istilahi ya Idara. Wenye mapendekezo kutoka miji mingine ya mpakani, Malaba, Namanga, Taveta, Mutukula, wayalete kwa maandishi, pamoja na sentensi moja ambamo wamelisikia neno lenyewe likitumiwa na mtu asiyekuwa ofisa. Ile alama nayo imekwisha kurekebishwa katika daftari.